Ngeli za Nomino na Usanifu wa Hifadhidata Zinazopanuka: Mafunzo kutoka Msamiati wa Nairobi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mfumo wa ngeli za Kiswahili na usanifu wa hifadhidata za vitu, yaani hifadhidata ambazo huhifadhi kila jambo kama kitu kimoja chenye sifa zake na matendo yake. Yanatumia msamiati unaosikika katika jiji la Nairobi na mitaa yake ya magharibi kama kipimo cha hifadhidata ya kamusi. Hoja kuu ni kwamba hifadhidata inayoweza kupanuka ni ile inayompokea mgeni bila kumvunja mwenyeji, na inayompa mgeni huyo haki sawa na mwenyeji. Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo kwa karne nyingi. Inaonyeshwa pia kwamba maamuzi ya msanifu wa hifadhidata ni maamuzi ya kisarufi, na kwa hiyo hayafai kuachiwa wanatarakilishi peke yao.

1.0 UTANGULIZI

Matatu inayotoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands na Kangemi hubeba abiria, na hubeba pia maneno. Ndani yake mna dereva na kondakta. Njiani mna steji. Pembeni mwa barabara mna bodaboda. Maneno haya yote ni mageni yakilinganishwa na nyumba, mti na mtu. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji anayebabaika anapoyatumia. Matatu imejaa, kondakta anadai nauli, steji imehamishwa, bodaboda zimezuiwa. Kila neno lilipoingia lilipewa upatanisho wake mara moja, na hakuna aliyeitisha mkutano wa kuibadilisha sarufi ili kulipokea.

Katika taaluma ya tarakilishi, jambo hilo linaitwa kupanuka. Mfumo unaopanuka ni ule unaoweza kuongezewa aina mpya za data bila kubomolewa na kujengwa upya. Wasanifu wa hifadhidata wameshughulikia tatizo hili kwa bidii tangu miaka ya 1980, na limezaa tanzu nzima ya utafiti. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesikia istilahi zao kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba hazimhusu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Mtu aliyefunzwa ngeli vizuri ameshafunzwa nusu ya somo hili; nusu iliyobaki ni kufahamu mahali ambapo ulinganisho huo unakwama, na kwa nini.

2.0 KUTOKA MAJEDWALI HADI VITU

Hifadhidata ni mkusanyiko wa data uliopangwa ili data hiyo iweze kutafutwa, kuongezwa na kurekebishwa kwa urahisi. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti katika kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data ihifadhiwe katika majedwali yenye safumlalo na safuwima. Pendekezo hilo lilifaulu sana. Benki, hospitali na vyuo vikuu vingi hutunza kumbukumbu zao kwa njia hiyo hadi leo, na kwa orodha za wateja au alama za mitihani hakuna lalamiko kubwa.

Tatizo huanza pale data inapokuwa na tabia. Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kutunza kamusi ya Kiswahili katika jedwali moja lenye safuwima tano: neno, umoja, wingi, ngeli na maana. Akifika kwenye neno kaa, atakwama. Kuna kaa, mnyama wa baharini mwenye magando. Kuna kaa, kipande cha ukuni kilichoungua, ambacho wingi wake ni makaa. Na kuna kaa, kitenzi chenye maana ya kuketi au kuishi mahali. Ikiwa msanifu ameamua kwamba tahajia ndiyo inayotambulisha neno, basi maneno matatu yatagombea safumlalo moja.

Upande wa pili kuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Hapa majina ni matatu na maana ni moja. Akiiandika maana hiyo mara tatu, siku ya kuirekebisha atalazimika kuirekebisha mara tatu, na akisahau moja, kamusi yake itajipinga yenyewe.

Vitenzi ni mzigo mkubwa zaidi. Kitenzi pika kikichukuliwa katika kauli tano (pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha), kwa nafsi sita na kwa viambishi vinne vya wakati na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-), huzaa maumbo 120. Hapo bado hatujagusa ukanushi, viambishi vya shamirisho wala viambishi vya ngeli. Jedwali lenye safuwima kwa kila umbo haliwezi kutengenezwa, na hata lingetengenezwa lisingekuwa na faida, kwa sababu maumbo hayo hayakaririwi na mzungumzaji. Huundwa kwa kanuni.

Jawabu la wanatarakilishi lilikuwa kuacha kutenganisha data na kanuni zake. Wazo hilo lilianzia katika lugha za kuandikia programu. Lugha ya Simula 67, iliyobuniwa nchini Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliruhusu programu ijengwe kwa vitu vyenye sifa na matendo yake. Baadaye wazo likahamia kwenye hifadhidata. Mwaka 1989, Malcolm Atkinson na wenzake watano walitoa ilani iliyoorodhesha masharti ambayo hifadhidata ya vitu inapaswa kuyatimiza. Kwa madhumuni ya makala haya, manne yanatosha.

(i) Utambulisho. Kila kitu kina utambulisho wake usiotegemea jina wala sifa zake. Kaa tatu ni vitu vitatu hata kama zinaandikwa sawa.

(ii) Kufumbata. Kitu hubeba sifa zake pamoja na matendo yake. Kitenzi pika hubeba mzizi wake na pia kanuni ya kuunda maumbo yake. Anayekitumia huomba umbo analolitaka. Halazimiki kujua limeundwaje.

(iii) Urithi. Vitu vinavyofanana huwekwa katika kundi, na kundi la chini hurithi sifa na matendo ya kundi la juu. Kinachoandikwa ni tofauti peke yake.

(iv) Kupanuka. Mfumo huja na aina zake za asili, lakini mtumiaji anaweza kuongeza aina nyingine. Na zikishaongezwa, katika matumizi pasiwe na tofauti baina ya aina za asili na zile zilizoongezwa.

Sharti la nne lastahili kusomwa mara mbili. Halisemi tu kwamba mgeni aruhusiwe kuingia. Lasema kwamba akishaingia asibaguliwe. Katika Kiswahili, basi ni neno la kukopwa na jani ni la Kibantu, lakini basi limefika na jani limeanguka hutumia kiambishi kilekile. Sarufi haiulizi neno limetoka wapi.

3.0 NGELI KAMA MAKUNDI

Uainishaji wa nomino za lugha za Kibantu una historia ndefu. Wilhelm Bleek katika karne ya 19, na baada yake Carl Meinhof, waliziainisha kwa kutazama viambishi vya nomino zenyewe na kuvipa nambari. Njia hiyo ya kimofolojia ndiyo iliyotupa majina kama M-WA, M-MI na KI-VI. Baadaye wanaisimu wengine walipendekeza kigezo cha upatanisho wa kisarufi, yaani kutazama athari ya nomino katika sentensi. Njia hii ndiyo iliyotupa A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo, ambazo mwanafunzi wa shule nchini Kenya huzifahamu vyema.

Ni rahisi kuona namna ngeli zinavyolingana na makundi ya hifadhidata ya vitu. Juu kabisa panakuwa na kundi moja, Nomino, lenye sifa ambazo kila nomino huwa nazo: shina, maana na asili. Kundi hilo linabeba pia matendo matatu: kutoa umoja, kutoa wingi na kupatanisha. Chini yake panakuwa na kundi moja kwa kila ngeli. Kundi la KI-VI hurithi kila kitu kutoka kwa Nomino, kisha huongeza kanuni zake: umoja huanza kwa ki- au ch-, wingi kwa vi- au vy-, na kitenzi hupatanishwa kwa ki- na vi-.

Faida yake huonekana mara moja. Programu ya kusahihisha sentensi haihitaji kujua ngeli zote. Inatoa amri moja tu, patanisha, na kila nomino huitikia kwa namna yake: kitabu kimeanguka, jani limeanguka, mti umeanguka, nyumba imeanguka. Amri ni moja, majibu ni manne. Lau programu ingeandikwa bila vitu, ingelazimika kuwa na msururu mrefu wa masharti: ikiwa ni ngeli hii fanya hivi, ikiwa ni ile fanya vile. Kila ngeli au upekee mpya ungeongeza sharti jingine, na kila sharti jingine lingekuwa nafasi nyingine ya kukosea.

Wanatarakilishi wana kanuni inayohusu jambo hili. Bertrand Meyer aliieleza mwaka 1988 kwamba sehemu ya programu inapaswa kuwa wazi kwa kuongezwa na kufungwa dhidi ya kubadilishwa. Kwa maneno ya nyumbani, ukumbi uongezwe bila kubomoa chumba ambacho watu wanalala.

4.0 PALE ULINGANISHO UNAPOKWAMA

Mpangilio uliotajwa hapo juu unapendeza ubaoni. Ukipelekwa barabarani haumalizi siku.

Neno la kwanza linaloutatiza ni kiboko. Kwa umbo ni KI-VI: kiboko, viboko. Kwa upatanisho ni A-WA: kiboko mkubwa ameonekana, viboko wakubwa wameonekana. Msanifu aliyemweka kiboko chini ya kundi la KI-VI atapata kiboko kikubwa kimeonekana, na mnyama huyo atageuka kuwa mjeledi, maana ipo nomino kiboko ya mjeledi ambayo hupatanishwa hivyo. Akimweka chini ya A-WA, atapoteza kanuni ya wingi.

Neno daktari lina tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Wingi wake, madaktari, unafuata umbo la nomino kama majani. Upatanisho wake ni wa A-WA. Kondakta na dereva wako katika hali hiyo. Kwa hakika, nomino nyingi za watu wenye kazi katika jiji, kuanzia karani wa ofisi hadi dereva wa basi, zina umbo la ngeli moja na upatanisho wa nyingine. Mpangilio unaoziita upekee utakuwa umewaita wafanyakazi wa mji mzima upekee.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kanuni moja: chochote chenye uhai kipatanishwe kwa A-WA. Lakini kijana amelala na kitoto kimelala zote ni sentensi zinazosikika, ingawa kijana na kitoto wote wana uhai. Katika kitoto, kiambishi cha udogo kimekuja na upatanisho wake. Uhai peke yake hauamui.

Kisha kuna rafiki. Tunasema rafiki yangu amefika na rafiki zangu wamefika. Kitenzi kimefuata A-WA, ilhali kimilikishi kimefuata I-ZI. Ndugu, mama na dada hufanya vivyo hivyo. Daktari hafanyi: husemwa daktari wangu. Kwa hiyo hata upatanisho wenyewe si kitu kimoja kisichogawika. Kitenzi na kimilikishi vinaweza kwenda njia tofauti.

Mwisho, kuna bodaboda. Neno hili, linalohusishwa na usafiri wa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, siku hizi hutumiwa Nairobi kwa maana mbili. Bodaboda imeharibika inahusu pikipiki. Bodaboda ameumia inamhusu mwendeshaji. Anayesoma taarifa ya ajali hutegemea kiambishi kimoja tu kujua kama kilichoumia ni chuma au ni mwili. Hifadhidata inayompa bodaboda ngeli moja itafuta tofauti hiyo, na programu ya tafsiri inayoitegemea itamgeuza mtu kuwa chombo.

Mifano hii inaonyesha kosa la usanifu ambalo wanatarakilishi wanalijua vizuri: kutumia urithi mahali ambapo si pake. Kiboko si aina ya KI-VI. Kiboko ana umbo la KI-VI, na ana upatanisho wa A-WA. Kati ya kuwa na kuwa na, kuna umbali mkubwa. Suluhisho basi ni kuyatenganisha mambo matatu yaliyokuwa yamefungwa katika neno moja, ngeli:

(i) Kitu Nomino, chenye utambulisho, shina na maana.

(ii) Kitu Umbo, chenye kanuni za kuunda umoja na wingi.

(iii) Kitu Upatanisho, chenye viambishi vya kitenzi, kivumishi, kimilikishi na kiashiria.

Kila Nomino hushika Umbo moja na Upatanisho mmoja. Kiboko mnyama hushika Umbo la KI-VI na Upatanisho wa A-WA. Kiboko mjeledi hushika KI-VI kote kuwili. Daktari hushika Umbo lenye wingi wa ma- na Upatanisho wa A-WA. Bodaboda huwa vitu viwili vyenye tahajia moja na utambulisho tofauti. Kuhusu rafiki na ndugu, hapo ndipo urithi unapopata mahali pake halali: hujengwa Upatanisho mdogo unaorithi kila kitu kutoka kwa A-WA na kubadilisha kipengele kimoja tu, kimilikishi. Sheria inaandikwa mara moja, na upekee wake unaandikwa mara moja.

Ni vyema kutambua kwamba mgawanyo huu unafanana na ule mjadala wa zamani wa wanaisimu kuhusu mofolojia na sintaksia. Njia mbili za kuainisha ngeli, ambazo darasani huonekana kama kambi mbili zinazopingana, katika hifadhidata huwa vitu viwili vinavyoshirikiana. Umbo ni kazi ya mofolojia. Upatanisho ni kazi ya sintaksia. Msanifu anayezihitaji zote mbili hana sababu ya kuchagua mshindi.

5.0 JARIBIO LA KA-TU

Hadi hapa hifadhidata imepanuka kwa maneno mapya ndani ya ngeli zilizopo. Jaribio gumu zaidi ni ngeli mpya.

Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa KI-VI: kigari kimepita, vigari vimepita. Katika mazungumzo ya Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Kangemi na Kawangware, mara nyingi husikika kagari kamepita, tugari tumepita. Katoto kamelala, tutoto tumelala. Viambishi hivi vipo katika lugha jirani kama Kikuyu na Kikamba, na wanaisimu wa Kibantu wanavijua kama ngeli ya 12 na ya 13. Si makosa ya ovyo. Vina umoja, vina wingi, vina kimilikishi (kagari kangu, tugari twetu) na vina kitenzi. Ni mfumo kamili, ila haumo katika sarufi sanifu.

Je, hifadhidata ya kamusi ivipokee? Swali hili lina sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Sehemu ya kwanza ni ya kisera: kama ka- na tu- vifunzwe, vitahiniwe au vikubaliwe katika maandishi rasmi. Jibu la swali hilo ni la walimu, wachapishaji na vyombo vya lugha. Sehemu ya pili ni ya kiusanifu: kama hifadhidata inaweza kuvipokea iwapo mtafiti anavihitaji. Jibu la swali hili linapaswa kuwa ndiyo, kwa sababu hifadhidata isiyoweza kuandika kinachosemwa haiwezi hata kutumiwa kueleza kwa nini kisisemwe.

Hapa ndipo hifadhidata zinazodaiwa kupanuka hutengana na zile zinazopanuka kweli. Katika usanifu wa kwanza, kila ngeli imeandikwa ndani ya programu. Kuongeza KA-TU kunamlazimu mwanatarakilishi aifungue programu, aandike kundi jipya, aijaribu, kisha aisambaze upya. Mtaalamu wa lugha atangoja. Katika usanifu wa pili, ngeli zenyewe ni vitu vilivyohifadhiwa ndani ya hifadhidata, sawa na maneno. Programu haijui kwamba kuna KI-VI au LI-YA. Inajua tu kwamba kuna vitu vinavyoitwa Umbo na Upatanisho, na kwamba kila kimoja kina orodha ya viambishi. Kuongeza KA-TU ni kujaza fomu mbili. Anayefanya hivyo ni mwanaisimu, na hahitaji kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Lakini uhuru huo una gharama. Mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, nyumba hujaa. Baada ya miaka michache hifadhidata huwa na ngeli tatu zinazofanana, kila moja imeongezwa na mtu asiyejua ya mwenzake. Kwa hiyo mfumo unaopanuka unahitaji masharti matatu ya nidhamu. Kwanza, kila kinachoongezwa kiwe na chanzo: nani alikiongeza, lini, na kwa ushahidi upi. Pili, kiwe na rejista: sanifu, mazungumzo, lahaja au Sheng, ili programu ya mwanafunzi wa sekondari isimfundishe tugari katika insha yake. Tatu, kisifutwe kilichokwisha kutegemewa. Kikipitwa na wakati kiwekewe alama, kwa kuwa maandishi ya zamani bado yanasomwa.

6.0 HALI HALISI YA TEKNOLOJIA

Msomaji asidhani kwamba hifadhidata za vitu zilishinda soko. Kundi la ODMG lilitoa kiwango cha pamoja mwaka 1993, likatoa toleo la tatu mwaka 2000, kisha likavunjika mwaka 2001. Hifadhidata za majedwali zilibaki na nguvu, na sababu zake ni za haki: zina nadharia imara ya kihisabati, zina lugha moja ya maswali inayofahamika kote, na mashirika yalikuwa yameshawekeza mno kwazo.

Kilichotokea ni kwamba mawazo ya vitu yaliingia ndani ya majedwali. Mradi wa POSTGRES, ulioanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, uliruhusu mtumiaji aongeze aina zake za data na matendo yake. Mrithi wake, PostgreSQL, hupatikana bila malipo na hutumiwa duniani kote. Vilevile, wanatarakilishi wengi huandika programu zao kwa vitu na kuweka tabaka la kati linalovigeuza vitu hivyo kuwa safumlalo na kuvirudisha.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba usanifu haumo katika chapa ya programu. Umo katika uamuzi wa nini kihesabiwe kuwa kitu, nini kiwe sifa yake, na nini kiwe tendo lake. Nomino, Umbo na Upatanisho vinaweza kuwekwa katika majedwali matatu na vikafanya kazi vizuri. Mtu aliyekosea uchambuzi hataokolewa na hifadhidata ya vitu, wala aliyechambua vizuri hatakwamishwa na majedwali.

7.0 UMUHIMU WA SUALA HILI KWA KISWAHILI

Nairobi si ngeni katika utafiti wa aina hii. Mwaka 2006, Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha kazi kuhusu kuifunza tarakilishi kutambua aina za maneno ya Kiswahili kutokana na data. Walitumia kongoo la Kiswahili lililoandaliwa Helsinki, ambako Arvi Hurskainen alikuwa ameshughulikia uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi tangu miaka ya 1980. Inafaa kutafakari njia hiyo: kongoo la Kiswahili lililotumiwa na mtafiti wa Nairobi lilikuwa limeandaliwa Ufini.

Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi na bewa la Chiromo, ambako sayansi ya tarakilishi ilikuwa ikifundishwa, yametenganishwa na mwendo mfupi wa miguu. Upande mmoja wanafunzi hujadili ngeli. Upande wa pili hujadili makundi na urithi. Aghalabu hawajui kwamba wanazungumzia jambo moja. Matokeo yake ni kwamba uamuzi wa kisarufi hufanywa na mtu ambaye hakusoma sarufi, tena bila yeye kujua kwamba ameufanya. Akiweka safuwima mbili, umoja na wingi, kwa kuwa ndivyo alivyozoea katika Kiingereza, ameshaamua kwamba maji na maziwa ni maneno yenye kasoro. Akiweka ngeli moja kwa kila neno, ameshaamua kuhusu bodaboda.

Maamuzi hayo hayabaki ndani ya tarakilishi. Kisahihishi cha tahajia hupigia mstari mwekundu neno lisilomo katika hifadhidata yake, na mwandishi mchanga hulifuta akidhani amekosea. Programu ya tafsiri huchagua kiambishi, na msomaji hukikubali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kadiri nyaraka za umma zinavyozidi kupita katika mashine, ndivyo sarufi iliyofichwa ndani ya mashine hizo inavyozidi kuwa sarufi ya umma.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba ngeli za Kiswahili na makundi ya hifadhidata ya vitu vinafanana kwa kina, na kwamba mahali vinapotofautiana ndipo penye somo kubwa zaidi. Kiboko, rafiki na bodaboda vinamlazimu msanifu atenganishe utambulisho, umbo na upatanisho. KA-TU inamlazimu aweke ngeli zenyewe mahali ambapo mwanaisimu anaweza kuzifikia. Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika miradi midogo ya pamoja, hata kama ni kamusi ya maneno 500 ya usafiri wa mjini, ili kila upande ujifunze kuuliza maswali ya mwenzake.

MAZOEZI

1. Tenganisha Umbo na Upatanisho wa nomino zifuatazo: askari, kipofu, waziri, nyoka, jitu, kifaranga.

2. Nomino maji haina umoja wa kawaida. Je, ni sifa gani ibadilishwe katika kitu Umbo ili maji yasihesabiwe kuwa neno lenye kasoro?

3. Ngeli ya mahali (PA-KU-MU) ina upatanisho wa aina tatu kwa nomino moja: mahali hapa, huku, humu. Eleza kwa nini kanuni ya Nomino moja kushika Upatanisho mmoja haitoshi, kisha pendekeza marekebisho yasiyovuruga nomino nyingine.

4. Kusanya maneno kumi mapya yanayotumiwa katika steji iliyo karibu nawe. Kwa kila neno, andika chanzo, rejista na upatanisho uliousikia, si ule uliotarajia kuusikia.